Jezi ya Nyota na Mfuko wa Mama

Huku kwetu Nachingwea na Ruangwa fedha za ufuta huanza kuonekana katikati ya mwaka, minada ikishafanyika na vyama vya msingi vikishalipa wakulima. Ni wakati wa kufuta madeni ya dukani, kununua bati mbili tatu, na kumshonea mtoto sare mpya. Bahati mbaya, ndio wakati huo huo klabu kubwa za mpira za Dar es Salaam hutoa jezi zao mpya. Simba wana Simba Day, sherehe iliyoanza mwaka 2009 na ambayo kwa desturi huangukia tarehe 8 Agosti, siku ya Nane Nane, wakulima wa kusini wanapokuwa wamekusanyika kwenye viwanja vya Ngongo kule Lindi. Yanga nao wana Wiki ya Mwananchi. Hatusemi kwamba kuna mtu aliyekaa akayapanga hayo huku akiutazama ufuta wetu. Ligi huanza karibu na Agosti, basi. Lakini mama mwenye wavulana watatu nyumbani anaijua miezi hiyo vizuri sana.

Sikiliza jinsi mtoto anavyoomba. Zamani alisema, "Mama, naomba jezi ya Simba," au "ya Yanga." Siku hizi anataja mtu: "Mama, naomba ya Chama." "Mimi nataka ya Mayele." Hataki nguo tu, anataka nguo yenye jina la fulani mgongoni, na ukimletea isiyo na jina atashukuru kwa midomo, macho yakiwa yamenyong'onyea. Kijana mkubwa kidogo hataki jezi, anataka raba. Nazo si raba za aina yoyote, bali zile za Jordan, mtu ambaye aliacha kucheza kabla kijana mwenyewe hajazaliwa.

Je, ni kwa nini jina la mtu lina nguvu kiasi hicho? Na nguvu hiyo inafika wapi? Tumeona vema tulizungumze jambo hili, kwa sababu tangazo linamlenga mtoto, lakini atakayefungua kile kitambaa chenye fedha ni mama.

Lilivyoanza

Mchezo huu wa kumtumia mtu mashuhuri ili kuuza viatu si wa juzi. Mwaka 1936, michezo ya Olimpiki ilipofanyika Berlin, fundi viatu mmoja Mjerumani, Adi Dassler, alihakikisha Mmarekani mweusi Jesse Owens anakimbia na viatu alivyotengeneza yeye. Owens alipata medali nne za dhahabu. Baadaye Dassler ndiye aliyeanzisha Adidas, na ndugu yake, ambaye waligombana, akaanzisha Puma. (Ugomvi wa ndugu wa tumbo moja, kumbe, unaweza kujaza viatu dunia nzima.)

Katika Kombe la Dunia la mwaka 1970 kule Mexico, Pelé aliinama katikati ya uwanja mechi ikiwa karibu kuanza, akafunga kamba za viatu vyake polepole. Kamera zikamfuata. Dunia yote ikaona ni vya Puma. Mtazamaji alidhani kamba zimelegea tu. Kumbe yalikuwa makubaliano, na alilipwa.

Lakini jambo lililobadilisha biashara yote lilitokea mwaka 1984. Kampuni ya Nike ya Marekani, ambayo wakati ule ilijulikana zaidi kwa viatu vya wakimbiaji, ilimwendea kijana wa mpira wa kikapu aliyekuwa hajacheza hata mechi moja ya ligi ya kulipwa, Michael Jordan. Wakampa mkataba wa miaka mitano wa kama dola 500,000 kwa mwaka, wakatengeneza kiatu na kukiita kwa jina lake. Kilipoingia madukani mwaka 1985 mauzo yalipita dola milioni 100 ndani ya mwaka mmoja, mbali kabisa na matarajio ya wenye kampuni. Hadi leo Jordan hupata fedha nyingi zaidi kwa viatu kuliko alizowahi kulipwa kwa kucheza. Na zile raba zinazofunguliwa kwenye marobota ya mitumba, zikasuguliwa kwa mswaki na sabuni ya unga hadi zing'ae, zikapangwa juu ya turubai kwa jina la "raba mtoni", ni watoto na wajukuu wa mkataba ule wa 1984.

Basi ukisikia kwamba matangazo ya nyota hayana maana, usikubali haraka. Yana maana. Ila kipimo chake ni kidogo kuliko tunavyodhani. Mwaka 2012 mtafiti wa Harvard, Anita Elberse, na mwenzake Jeroen Verleun walichapisha hesabu zao baada ya kufuatilia kampuni nyingi zilizowatumia wanamichezo. Waliona kwamba kwa wastani mauzo hupanda kwa asilimia 4 hivi. Maana yake ni kwamba mwenye duka aliyekuwa akiuza jozi 100 sasa atauza 104. Kwa kampuni inayouza mamilioni ya jozi hizo nne si haba. Zinamlipa nyota na kubakiza. Waliona pia kwamba mauzo huruka tena kila mara nyota huyo anaposhinda kikombe kikubwa. Kumbe mnunuzi hanunui mara moja tu. Kila ushindi humkumbusha.

Cha kuangalia hapo ni hiki: hakuna mahali katika hesabu zile panaposema kiatu kimekuwa kigumu zaidi.

Anachonunua mtoto

Tumezoea kusema kwamba watoto "wanadanganywa" na matangazo. Neno hilo halitoshi. Mvulana wa darasa la sita hadhani kwamba akivaa jina la Mayele atafunga mabao kama Mayele. Anajua mguu wake. Anachonunua ni nafasi yake miongoni mwa wenzake.

Mtazame Fiston Mayele mwenyewe. Alikuja Yanga mwaka 2021 kutoka Kongo, na kila alipofunga alicheza ile mitetemo yake. Kabla ya mwaka kwisha hapakuwa na uwanja wa shule nchini ambapo mtoto hakutetema baada ya bao, hata watoto wa Simba walitetema kwa siri. Msimu wa 2022/23 alikuwa miongoni mwa wafungaji bora wa ligi na Yanga wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Tangazo gani la kulipia lingeweza kufanya kazi hiyo? Mchezaji alitangaza jezi kwa mwili wake, bila kusema, na mtoto aliyevaa jina lile alikuwa amevaa wimbo, ngoma na kicheko cha darasa zima. Asiye nalo alikaa pembeni. Hilo la kukaa pembeni ndilo linalomliza, wala si kitambaa.

Katikati ya mwaka 2023 Mayele alikwenda Misri, klabu ya Pyramids. Jezi zenye jina lake zikabaki kwenye kamba za nguo kuanzia Kilimarondo hadi Mbekenyera.

Habari ya Clatous Chama ndiyo kali zaidi. Huyu Mzambia alikuwa kipenzi cha Simba kwa miaka mingi, na namba 17 yake iliandikwa kwenye migongo ya watoto wasiohesabika. Julai 2024 akatangazwa Yanga. Mwaka uliofuata akaenda Singida Black Stars. Mama mmoja wa Nachingwea alitusimulia kwamba mwanawe alirudi kutoka kucheza, akavua jezi, akasema, "Mama, hii siivai tena, wananicheka." Ilikuwa haijamaliza miezi mitatu. Haikuchanika, haikuchuja, rangi yake ni ile ile. Kilichokwisha ni jina.

Wala si wachezaji peke yao. Haji Manara, aliyekuwa msemaji wa Simba na mtu wa maneno matamu kuliko wote, aliwahimiza mashabiki wa Simba kwa miaka, kisha Agosti 2021 akatambulishwa Yanga, akaendelea na maneno yale yale kwa upande wa pili. Ni haki yake. Kazi ni kazi. Lakini mzazi apaswa kujua kwamba mapenzi ya nyota kwa jezi yana tarehe ya kwisha, na tarehe hiyo haiandikwi kwenye lebo.

Wafanyabiashara wenyewe wanaijua hatari hii, nao huumia. Mwishoni mwa 2009 mambo ya ndoa ya mcheza gofu Tiger Woods yalipoanikwa hadharani, wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha California walipiga hesabu wakaona kwamba wenye hisa za kampuni alizozitangaza walipoteza kati ya dola bilioni 5 na 12. Kampuni kubwa ina mawakili na fedha za akiba. Mama ana jezi moja.

Aliye karibu

Kuna jambo tunalolijua huku kusini ambalo vitabu vya biashara huchelewa kulifikia. Mtu wa karibu hushinda nyota wa mbali.

Mwaka 2019 timu ya Namungo ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu. Msimu wake wa kwanza ikamaliza nafasi ya nne, na tarehe 2 Agosti 2020 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF kule Sumbawanga, ikafungwa na Simba 2–1. Kwa kuwa Simba walikuwa pia mabingwa wa ligi, Namungo ikapata tiketi ya mashindano ya Afrika na kufika hatua ya makundi mwaka 2021. Timu ya wilaya ambayo watu wengi wa Dar walikuwa hawajui njia ya kuifikia! Simba na Yanga zikaanza kuja Ruangwa kucheza kwenye Uwanja wa Majaliwa, uliopewa jina la Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa hapo kuanzia 2010 na Waziri Mkuu kuanzia 2015, vyote hadi 2025. Siku ya mechi magari yalitoka Nachingwea alfajiri, na akina mama wa mihogo na samaki wa kukaanga waliuza hadi masufuria yakalia.

Hapo mtu mashuhuri alikuwa nani? Hapakuwa na Jordan. Nguvu ilitoka kwa mtoto wa jirani aliyeitwa kwenye majaribio, kwa mwalimu anayefahamiana na kocha, na kwa jina la kiongozi ambalo kila mzee wa Ruangwa analitamka kama la mwanawe. Mtoto alipovaa jezi ya Namungo hakuna aliyemuuliza ni ya nyota gani. Jezi ilikuwa ni ya kwao. Na mchezaji mmoja alipoondoka, jezi haikufa.

Sisi hatudai kwamba Namungo waliuza jezi nyingi kuliko wakubwa wa Kariakoo, hilo haliwezekani. Tunachosema ni kwamba mama aliyenunua ile alipata miaka zaidi kwa fedha yake.

Ziko pia nyakati ambapo nyota anasema kweli kuhusu kitu. Eliud Kipchoge wa Kenya alipokimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alivaa viatu vya Nike vyenye soli nene ya aina mpya. Viatu vile vilisaidia kweli, hata chama cha riadha cha dunia mwaka 2020 kikaweka kikomo cha unene wa soli, milimita 40. Kwa mkimbiaji, neno la Kipchoge juu ya viatu ni neno la fundi juu ya nyundo. Lakini kijana wa bodaboda anayevaa mfano wa raba hizo kupiga breki kwenye vumbi atazimaliza mapema, kwani hazikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Hapa nchini Alphonce Simbu, askari wetu, alimaliza wa tano Rio mwaka 2016 na miaka ile akawa balozi wa DStv. Septemba 2025 akawa bingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Yule bwana ni mfano mzuri wa kumwonyesha mtoto. Ila kisimbuzi si kiatu, na mbio za Simbu hazikukuzwa na televisheni. Ni miaka ya mazoezi asubuhi yenye baridi. Mtoto akiuliza, mweleze hivyo hivyo.

Kifuani pameandikwa nini?

Tumesema sana juu ya jina la mgongoni. Sasa geuza jezi.

Mwaka 2017 kampuni ya kubahatisha ya SportPesa ilianza kuzidhamini Simba na Yanga. Mwezi Julai mwaka huo huo ikaleta Everton ya Uingereza Dar es Salaam, na Wayne Rooney akafunga bao Uwanja wa Taifa dhidi ya Gor Mahia ya Kenya. Kwa wiki nzima hapakuwa na habari nyingine. Mwaka 2022 Simba walihamia kwa M-Bet kwa mkataba wa miaka mitano wa shilingi bilioni 26.1, na Yanga wakaendelea na SportPesa kwa zaidi ya bilioni 12 kwa miaka mitatu. Namungo nao wamewahi kuvaa jina la SportPesa. Fedha hizo zimelipa mishahara, na ligi yetu imekuwa na nguvu kwa sababu yake. Tusijifanye hatulioni hilo.

Lakini sheria ya nchi inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, na jina lile lile liko kifuani mwa mtoto wa miaka tisa. Hatumnunulii tikiti, tumemvika bango. Anakwenda nalo kwenye kibanda umiza, analala nalo, na nyota anayempenda kuliko wajomba zake anacheka kwenye picha akiwa amelivaa. Tangazo la raba likifanikiwa, unapoteza bei ya raba. Hili likifanikiwa, kijana akiwa na miaka kumi na tisa anauliza fedha za korosho zimewekwa wapi. Wako akina mama Nachingwea na Ruangwa ambao hawahitaji kusimuliwa na gazeti.

Kwetu sisi hapa ndipo penye uzito. Jina la mgongoni ni gharama ya msimu mmoja. Jina la kifuani, linalobebwa na sura ya mchezaji anayependwa, humzoeza mtoto aone kubahatisha ni sehemu ya mpira kama vile kona na penalti. Mwambie tangu mapema, kwa utulivu, siku unayompa jezi: "Mwanangu, hii hapa ni kampuni ya kubahatisha. Inailipa timu ili wewe uizoee." Watoto huelewa zaidi ya tunavyodhani, hasa wakijua kwamba kuna mtu anawafanyia hesabu.

Ukifika sokoni

Tuseme jezi ni shilingi 40,000 na viatu vya shule ni 25,000, na mkononi una 50,000. Usimpigie mtoto kelele mbele ya muuzaji; mwekee fedha mkononi ahesabu mwenyewe. Mara nyingi atachagua viatu na kuomba jezi ya bei ndogo, isiyo rasmi, au ataomba asubiri korosho za Oktoba. Ukiamua kununua ile rasmi, nunua bila jina mgongoni. Ni jambo dogo lakini limeokoa fedha nyingi: nembo ya timu haihami dirisha la usajili likifunguliwa.

Ile feki tunaijua sote. Mshono wa kwapani ni mmoja badala ya miwili, nembo imebandikwa kama karatasi, na maji ya kwanza hutoka na rangi. Si kila mama ana uwezo wa kununua halisi, nasi hatumlaumu, ila asilipe bei ya halisi. Muuzaji atasema, "Mama, hii ndiyo yenyewe, anayoivaa fulani." Mjibu kwa upole, "Mwanangu, nipunguzie, huyo fulani hakuinunua hapa." Kwa raba za mtumba, zikunje katikati kwa mkono na utazame ufa kati ya soli na ngozi, gundi ikishakauka na kupasuka haishiki tena hata fundi aisifu vipi. Pima jioni, mguu ukiwa umechoka. Acha nafasi ya kidole kimoja mbele, maana mvulana wa miaka kumi na miwili hukua kuliko mahindi.

Na yule mama wa jezi ya Chama? Hakuitupa. Alichukua kipande cha kitenge chekundu, akakishona juu ya jina kwa mkono, akaacha namba. Mdogo wake mwenye miaka saba anaivaa kwenda kuchota maji, na akiulizwa 17 ni ya nani, anasema ni yake.